Watoto Mia, Mwalimu Mmoja: Mjadala wa Ufundishaji

Hoja iliyo mezani ni hii: mwalimu mwenye watoto mia moja darasani hana namna ya kujua nani ameelewa na nani ameachwa, kwa hiyo afundishe wote kwa pamoja, amalize mada, na aliyeshika ameshika. Hoja hii husemwa katika ofisi nyingi za walimu nchini Tanzania, na anayeisema mara nyingi si mvivu. Ni mtu aliyesimama tangu asubuhi akiwa na chaki, sauti yake, na madawati yanayokaliwa na watoto wanne wanne.

Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliandikishwa, na hilo ni jambo la heri. Lakini idadi ya vyumba na walimu haikupanda kwa kasi ileile. Mwaka huohuo wa 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulikuwa umeandikwa upya ili nguvu nyingi ziende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu akatakiwa kumfuatilia kila mtoto kwa karibu wakati ambapo watoto wenyewe walizidi kujaa darasani.

Nimeziweka sauti nne mbele ya hoja hiyo. Si watu mahususi. Ni misimamo inayogongana kila shule inapokaa kikao cha taaluma, na kila mmoja nimempa nafasi ya kuusemea wake kwa nguvu zake zote. Mkongwe ni mwalimu wa kike wa Darasa la Kwanza anayekaribia kustaafu. Kijana ni mwalimu wa ajira mpya, anafundisha Darasa la Tatu. Mthibiti ni mthibiti ubora wa shule. Mzazi ni baba, fundi seremala na mjumbe wa kamati ya shule. Mwishoni nitasema nimesimama upande gani.

Kiitikio kina kazi gani?

MKONGWE: Vijana wanaotoka vyuoni wakikuta darasa langu linaitikia kwa pamoja, huniambia, "Madam, huku ni kukaririsha." Mimi ni mtoto wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma lilitoka mwaka 1974, na kufikia 1977 kila mtoto wa rika la shule alitakiwa awe darasani. Tulikuwa wengi, vitabu vichache, na walimu wengine walikuwa wamemaliza darasa la saba tu kabla ya kupewa mafunzo ya haraka. Tuliimba ba, be, bi, bo, bu, na tukajua kusoma. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akizishika hizo tano na kuona konsonanti inavyoziambata, mlango umefunguka. Kiitikio kinampa mazoezi mia kwa siku. Ukimsimamisha mmoja mmoja, atapata zoezi moja kwa wiki.

KIJANA: Shikamoo, mwalimu wangu, na naomba nipinge kwa heshima. Wiki ya kwanza niliyokabidhiwa Darasa la Tatu niliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima likaimba vizuri. Nikafuta, nikaandika bo, ba, bu, bi, be. Nikaweka kidole kwenye bo, darasa likaitikia "ba". Nikaweka kidole kwenye ba, likaitikia "be". Watoto wale walikuwa wanaimba wimbo, macho yao hayakuwa ubaoni kabisa. Na wameingia Darasa la Tatu wakiwa na hali hiyo.

MKONGWE: Marahaba, mwanangu. Lakini hapo umekosoa mwimbishaji, hukukosoa wimbo. Mimi silabi naziandika kwenye kadi za maboksi, kubwa kiasi cha kuonekana nyuma. Nazichanganya kila asubuhi. Mstari wa dirishani unaitika, mstari wa mlangoni unasikiliza na kuwasahihisha, kisha wanabadilishana. Siku nyingine natamka mimi "bu" na watoto wananionyesha kadi. Na nikifika kwenye ng' na ng, nasimama kuimba kabisa. "Ng'ombe" na "ngoma" hazifundishwi kwa kelele. Mtoto lazima aisikie tofauti na aitoe mdomoni mwake peke yake.

MTHIBITI: Mama amegusa penyewe. Kiitikio kina kazi ya kukazia kilichokwisha kueleweka, na kinampa mtoto mwoga mahali pa kuijaribu sauti yake bila kuonekana. Kazi isiyowezekana kwa kiitikio ni kupima. Wakiwepo ishirini wanaojua, watapaza sauti, na themanini waliobaki watawafuata nyuma kidogo tu. Mwalimu mbele atasikia watoto mia wamejibu. Halafu atauliza, "Mmeelewa?" nao watasema "Ndiyooo!" kwa nguvu zilezile, maana hilo nalo ni jibu walilozoeshwa.

MZAZI: Mwanangu alikuwa kati ya hao waliofuata nyuma. Hadi anaingia Darasa la Tatu, hakuna aliyeniambia kwamba hajui kusoma. Nikifungua daftari naona mwandiko mzuri na vema nyekundu kila ukurasa. Siku moja nikampa gazeti asome kichwa cha habari. Akanitajia herufi mbili, akanyamaza. Kumbe alikuwa ananakili ubaoni kama anavyonakili mchoro, na mwalimu alikuwa anasahihisha unadhifu wa kunakili. Mimi sina ugomvi na nyimbo. Ninachotaka ni mtu mmoja shuleni anayejua kwamba mwanangu hajui.

Uliza, nyamaza, ndipo utaje jina

MKONGWE: Baba, nakusikia. Lakini hesabu ya muda inatufunga. Kipindi cha Darasa la Kwanza ni dakika 30. Kwa watoto mia, kila mmoja ana sekunde 18, na hapo sijafundisha neno. Ndiyo maana nafanya kama mpishi. Mpishi haulizi sufuria kama wali umeiva. Anachukua punje chache, anaonja. Mimi huwauliza watoto wanne watano. Wakijibu vizuri, nasonga mbele.

KIJANA: Mwalimu wangu, punje za sufuria moja zimekaa kwenye maji mamoja na moto mmoja. Watoto hawa mmoja amepita darasa la awali, mwenzake hajapita. Mmoja nyumbani anaongea Kiswahili, mwingine anaongea Kisukuma na Kiswahili amekikuta hapa. Ukionja hao wanne hujaonja wengine. Halafu tazama tunachagua nani: yule aliyenyoosha kidole. Tunaonja zilizokwisha kuiva.

MTHIBITI: Nikikaa nyuma ya darasa huchora mpangilio wa madawati kwenye karatasi, na kila mtoto anapoulizwa naweka alama mahali pake. Alama hujaa mbele na katikati. Kona za nyuma hubaki nyeupe kipindi kizima. Nikimwonyesha mwalimu karatasi ile, hushtuka, kwa sababu yeye anaamini ameuliza darasa zima. Hiyo ni mbinu ambayo walimu wawili wanaweza kufanyiana bila kunisubiri mimi: mmoja afundishe, mwingine achore.

Kingine ni ukimya. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali katika vipindi vya sayansi. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kusema lolote walipungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde mbili za ziada hazihitaji bajeti. Kwa hiyo: uliza swali, nyamaza, ndipo utaje jina. Ukilitaja jina kwanza, watoto 99 wameruhusiwa kupumzika.

KIJANA: Mimi majina nimeyaandika kwenye vijiti, nikaviweka koponi. Nachomoa kijiti bila kuchagua, na kikishatoka nakirudisha koponi, ili aliyekwisha kujibu asijione amemaliza kazi. Kabla ya kuchomoa nawaambia, "Mwambie jirani yako jibu lako." Watoto wanne wa dawati moja wanajadiliana kwa nusu dakika. Katika nusu dakika ile watoto mia wamefikiri na wengi wao wamesema. Nikizunguka kati ya madawati nasikia mengi kuliko ninayosikia nikiwa ubaoni.

MKONGWE: Na ukichomoa kijiti cha mtoto asiyejua? Umemsimamisha, wenzake wanacheka, analia. Mimi nimeona watoto walioacha shule kwa aibu ya siku moja.

KIJANA: Kwanza, anayecheka ndiye anayeulizwa na mwalimu kwa nini amecheka. Pili, simwachi na kosa lake. Nasema, "Asante, msikilize mwenzako, nitarudi kwako." Na narudi kweli, kipindi hichohicho, aseme jibu kwa maneno yake. Akilipata anakaa akiwa amejibu, hakai akiwa ameshindwa. Watoto wakishaona kwamba mwalimu hurudi, hofu inapungua.

MTHIBITI: Hilo halitawezekana ikiwa fimbo ipo mkononi. Nalisema wazi kwa sababu ni jambo la sheria pia. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye, kwa makosa makubwa ya nidhamu, na viandikwe kwenye kitabu. Kukosea hesabu si kosa la nidhamu. Kenya iliviondoa viboko shuleni tangu 2001. Mtoto anayejua kwamba kosa litamletea maumivu atajifunza kulificha, na kosa lililofichwa mwalimu hawezi kulifundisha.

MKONGWE: Ninakubali, na si kwa sababu ya kanuni. Darasa la Kwanza ukimpiga mtoto kwa kutojua herufi, kesho atakuja bila penseli ili awe na sababu ya kutoandika.

Madaftari mia na kalamu nyekundu

MZAZI: Basi mnieleze zile vema. Mwalimu alisahihisha kitu gani?

MKONGWE: Nikueleze ukweli wetu. Daftari moja likipewa dakika moja, madaftari mia ni saa moja na dakika arobaini. Masomo mawili kwa siku, saa tatu na dakika ishirini. Nina andalio la somo la kesho, nina zamu, nina nyumba. Kwa hiyo kalamu inakimbia. Vema, vema, vema. Mwalimu mkuu akikagua anakuta yamesahihishwa, na mzazi akifungua anafurahi. Aliyekosa anawekewa mkasi na anafungua ukurasa mwingine. Hakuna anayemwambia amekosa wapi.

KIJANA: Ndiyo maana nimepunguza. Siku tatu kwa wiki nakusanya karatasi, si madaftari. Dakika tano za mwisho za kipindi naandika swali moja ubaoni. Kila mtoto anajibu kwenye kipande cha karatasi, robo ya ukurasa, nyuma ya mitihani ya zamani. Anaandika jina na jibu, ananikabidhi mlangoni akitoka. Ofisini sisahihishi. Napanga mafungu matatu: waliopata, waliokosa kwa njia inayoeleweka, na walioacha wazi au kuandika kitu kisichosomeka. Sekunde tano kwa karatasi, dakika tisa nimemaliza watoto mia. Kesho nikiingia najua nianze na nani.

MKONGWE: Swali lenyewe uliloandika lilikuwa lipi?

KIJANA: La kutoa kwa kukopa. Hamsini na mbili kutoa ishirini na saba.

MKONGWE: Umechagua vibaya, mwanangu, na hapa ndipo uzee unaposaidia. Jibu ni 25. Sasa mtoto anayechukua tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kuangalia iko juu au chini, atasema 7 kutoa 2 ni 5, na 5 kutoa 2 ni 3. Ameandika 35. Mwenzake amekopa vizuri, 12 kutoa 7 ni 5, lakini amesahau kuipunguza ile tano ya makumi: 5 kutoa 2 ni 3. Naye ameandika 35. Makosa mawili tofauti, jibu moja. Karatasi zako zimeingia fungu moja na hujui umfundishe nini nani. Andika 52 kutoa 28. Aliyepata ataandika 24. Anayegeuza tarakimu ataandika 36. Aliyesahau kupunguza ataandika 34. Ambaye hakuiona alama ya kutoa, akajumlisha, ataandika 80. Hapo karatasi inakusemesha.

MTHIBITI: Naomba tusipite haraka. Katika maandalio ya somo ninayokagua, sehemu ya tathmini huandikwa "wanafunzi wengi wameelewa", na mwalimu mwingine huiandika kabla ya kuingia darasani. Nikikuta mwalimu ameandika "28 wamegeuza tarakimu, nitaanza nao kesho kwa vijiti vya makumi na mamoja", nitajua hapo tathmini imefanyika. Mama anazijua njia zote ambazo mtoto hukosea hesabu ya kukopa, na Kijana amepata njia ya kuona majibu ya mia kwa dakika tisa. Kila shule ina watu wa aina hizi mbili, ila wanakutana kwenye chai tu, hawakutani kwenye kuandaa swali.

MZAZI: Karatasi zikiisha je?

KIJANA: Kibao kidogo na chaki ni bora zaidi. Mtoto anaandika jibu, nahesabu tatu, wote wanainua kwa pamoja. Nasimama mbele nikaona mia kwa mara moja, na aliyechungulia kwa jirani ananaswa kwa sababu wote wameinua pamoja.

MZAZI: Mabaki ya plaiwudi kwenye karakana yangu huwa nachomea taka. Nikiyakata ukubwa wa daftari na kuyapaka rangi nyeusi ya ubao, mafundi wawili tutatoa vibao vya darasa zima kwa siku chache. Hilo hamkuwahi kutuomba. Mlituita kwa ajili ya uzio na mchango wa mlinzi.

Kuwapanga kwa viwango: dawa au fedheha?

MTHIBITI: Tuseme sasa mwalimu amejua. Kati ya watoto mia wa Darasa la Tatu, wapo wanaosoma hadithi, wapo wanaosoma maneno, na wapo wasiojua herufi. Somo moja litawafaa wote vipi? Shirika la Pratham la India lilijibu kwa kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya umri au darasa, kwa muda fulani wa siku, na kuwafundisha kuanzia pale walipo. Upimaji wa nyumba kwa nyumba uliozaliwa na kazi hiyo, ASER, ulianza India mwaka 2005. Huku kwetu Uwezo ilianza 2009 katika Tanzania, Kenya na Uganda kwa mfano huohuo. Watoto walipimwa nyumbani kwao kwa kazi za kiwango cha Darasa la Pili: herufi, neno, aya, hadithi. Miaka yote ilionekana kwamba wapo watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi hiyo ya Darasa la Pili.

MKONGWE: Mambo ya India. Mazingira yao na yetu ni mbalimbali.

MTHIBITI: Basi twende Kenya. Elimu ya msingi bila ada ilianza huko 2003 na madarasa yakafurika kama yetu. Kuanzia 2005 shule 121 za magharibi mwa Kenya zilipewa mwalimu wa ziada ili Darasa la Kwanza ligawanywe mara mbili. Karibu nusu ya shule ziligawa kwa alama za watoto, nyingine ziligawa bila kuangalia alama. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walikuta kwamba katika shule zilizogawa kwa alama, watoto wa juu na wa chini wote walisonga mbele zaidi. Mwalimu alipopata watoto ambao viwango vyao havijatawanyika sana, aliweza kufundisha pale walipo.

MZAZI: Mimi hapo nasita, Ndugu Mthibiti. Mtaani watoto wanajua mkondo A ni wa akina nani na B ni wa akina nani hata mwalimu asiposema. Nani atakubali mwanawe apelekwe chumba cha wajinga, akae humo mpaka darasa la saba?

MKONGWE: Na mwalimu atakayepewa chumba hicho atakuwa yule mpya asiye na wa kumtetea. Nimeyaona hayo. Waliobaki nyuma wanapewa mwalimu dhaifu, wanazidi kubaki nyuma, halafu tunasema hawafundishiki.

KIJANA: Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo iamue namna ya kufanya. Watoto wasitenganishwe siku nzima. Iwe kipindi kimoja cha kusoma, mikondo yote kwa wakati mmoja, kisha kila mtoto arudi darasani kwake. Vikundi viitwe kwa kazi: kikundi cha herufi, cha maneno, cha aya, cha hadithi. Kila baada ya wiki chache mtoto asomeshwe peke yake, dakika moja na nusu, na akivuka ahamishwe siku hiyohiyo, asisubiri mwisho wa muhula. Na kikundi cha herufi kiwe kidogo kuliko vyote na kipewe mwalimu bora kuliko wote. Hapa shuleni kwetu kingekuwa chako, mwalimu wangu.

MKONGWE: Ukinipa watoto thelathini wasiojua herufi, na dakika thelathini kila siku, na usinivurugie ratiba, nitakurudishia wasomaji. Lakini hao wa kikundi cha hadithi, sabini au themanini, atakaa nao nani?

KIJANA: Mimi. Hao wanaweza kusoma wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha kwa kidole, kisha wakaulizana maswali. Kundi kubwa linawezekana pale watoto wanapoweza kufanya kazi bila mwalimu kuwashika mkono. Kosa letu ni kuwapa nafasi sawa na muda sawa watoto wenye mahitaji yasiyo sawa.

Deni ni la nani?

MKONGWE: Sasa niwape hoja yangu ya mwisho, nayo ndiyo nzito. Vijiti, vibao, karatasi za mlangoni, vikundi: yote ni mazuri. Lakini kila tunapoonyesha kwamba mwalimu mmoja anaweza watoto mia, tunampa mwenye mamlaka sababu ya kutomleta mwalimu wa pili. Mbinu zetu zinageuka kuwa kisingizio chao. Kiwango ni 45. Kwa nini mjadala huu haukuanzia hapo?

MTHIBITI: Serikali imejenga, Mama. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000, vikiwemo 3,000 vya shule shikizi.

MKONGWE: Na 12,000 vikaenda sekondari. Sipingi, watoto wetu ndio wanaokwenda huko. Lakini chumba ni kuta na bati. Chumba bila mwalimu ni mahali pa watoto kujikinga na mvua. Ongezeni na hili: utafiti wa KiuFunza uliofanyika hapa nchini mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 ulionyesha kwamba ruzuku iliyopelekwa shuleni peke yake haikuinua matokeo ya watoto. Ilipoambatana na motisha kwa walimu kulingana na wanavyosoma watoto, matokeo yalipanda. Maana yake fedha zisizomgusa anayefundisha huishia kwenye rangi ya ukuta.

KIJANA: Nakubaliana nawe kuhusu deni. Nisichokubali ni kwamba mtoto asubiri lilipwe. Anayeingia Darasa la Kwanza mwaka huu atakuwa Darasa la Tatu kabla bajeti mbili hazijapita. Tena, ushahidi wa kudai walimu tutaupata wapi kama si kwenye yale mafungu matatu ya karatasi? Tukienda kwa Afisa Elimu Kata na kusema "darasa ni kubwa", atasema anajua. Tukienda na majina ya watoto 31 wasiosoma neno, na tarehe tulizowapima, na maelezo kwamba kikundi chenye mwalimu wake kimevuka na kisicho na mwalimu hakijavuka, atatujibu nini?

MZAZI: Na msiende peke yenu. Kamati ya shule iende nanyi. Sisi tukiwa na namba hizo tutazisema kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya diwani.

Nilipo mimi

Hoja tuliyoanza nayo ina sehemu mbili, nami naikubali moja na kuikataa nyingine. Ni kweli kwamba mwalimu wa watoto mia hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Si kweli kwamba kwa sababu hiyo hana namna ya kujua. Njia za kuona majibu ya watoto wengi kwa wakati mmoja zipo, ni rahisi, na nyingi zinahitaji chaki, maboksi na mazoea mapya. Kinachogharimu zaidi ni kubadili maana tunayoipa kazi ya kufundisha. Tumezoea kuhesabu mada zilizomalizika. Inabidi tuhesabu watoto waliofika.

Kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza au la Pili mwenye dakika 30, ningependekeza mgawanyo huu ajaribu wiki moja. Dakika 8 za kiitikio, silabi zikiwa zimevurugwa na mistari ikipokezana. Dakika 10 za kazi ya wawili wawili, kila mtoto akisoma mwenzake akifuatisha. Dakika 7 ambazo mwalimu anakaa na wale tu waliokosa jana, wenzao wakiendelea na kazi yao. Dakika 5 za swali moja la mwisho, kila mtoto akijibu kwa mkono wake, kwenye kibao au karatasi. Swali hilo liandaliwe na walimu wawili, mmoja akiwa amefundisha darasa hilo miaka mingi, ili kila jibu baya limwonyeshe mwalimu kosa la mtoto.

Kwa mwalimu mkuu, ombi langu ni kwamba apunguze idadi ya madaftari anayodai yasahihishwe na badala yake aulize, kila Ijumaa, watoto wangapi wamehama kikundi. Mthibiti naye akague kona za nyuma za darasa kabla ya kukagua maandalio.

Kwa serikali, maneno ya Mkongwe yasimame kama alivyoyasema. Kiwango cha wanafunzi 45 kwa mwalimu ni ahadi, na hakuna mbinu hata moja iliyotajwa hapa inayoifuta. Watoto wa kikundi cha herufi wanamhitaji mtu wa kukaa nao, na mtu huyo huajiriwa, hulipwa na hupewa nyumba.

Na kwa kamati za shule, kila mkutano ufunguliwe kwa swali moja lijibiwe kwa namba: katika kila darasa, watoto wangapi leo wanaweza kusoma aya moja ya Kiswahili bila kusaidiwa? Shule isiyo na jibu ianze kupima wiki hiyohiyo. Yenye jibu iandike namba hiyo ukutani mwa ofisi, na mkutano unaofuata iandikwe ya pili chini yake. Mzazi ataziona zote mbili, na atajua adai nini na kwa nani.